Kamba ya kwanza ya msingi

Kwenye sakafu ya darasa moja nililosimamia ujenzi wake kuna michirizi. Inaanzia chini ya madirisha ya upande wa magharibi, inakwenda hadi katikati ya chumba na kufia hapo. Mara ya kwanza kuiona nilidhani fundi alituibia saruji. Mkuu wa shule akacheka. "Fundi umsamehe, Injinia. Hiyo ni kazi ya jua."

Akanieleza. Ikifika saa nane mchana, safu mbili za dirishani hazikaliki. Wanafunzi wanaburuza meza na viti hadi penye kivuli, wanabanana huko mpaka kengele ya mwisho, na kesho yake asubuhi walio zamu ya kufagia wanarudisha kila kitu mahali pake. Miguu ya meza ni ya chuma. Mwaka na nusu wa kwenda na kurudi ulitosha kuichora sakafu.

Nisahihishe jambo mapema: mimi si mhandisi, ni fundi sanifu majengo katika halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma. Ila kijijini yeyote anayeshuka kwenye gari la idara ya ujenzi ni injinia, na nimeshachoka kubisha.

Darasa lile nililiseti mwenyewe, yaani nilipima na kuvuta kamba za msingi, Novemba 2021. Waliokuwa halmashauri wakati ule hawajausahau. Serikali ilikuwa imepata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikaenda kwenye madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, vile vya watoto wa msingi wanaoishi mbali na shule. Milioni 20 kwa kila darasa, kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa kawaida, mkandarasi hayupo. Januari 2022 kidato cha kwanza waingie wote kwa mkupuo mmoja. Na waliingia. Sibezi kazi ile. Kuna watoto ambao zamani wangesubiri chaguo la pili nyumbani hadi Machi.

Lakini siku ile nilikuwa na shule tatu za kuseti. Hapo nilifika saa tano. Kamati inanisubiri, vigingi vimeshachongwa, kamba ipo. Nikauliza jengo litazame wapi. Mkuu wa shule wa wakati huo hakusita: barabarani, mgeni akiingia alione. Mwenge wa Uhuru ukipita, jengo lionekane. Barabara iko mashariki. Tukavuta kamba kutoka kaskazini kwenda kusini, veranda ikatazama mashariki, mgongo ukabaki magharibi bila hata kivuli cha mti, maana mgunga uliokuwepo tuliukata kupisha msingi. Kama dakika arobaini hivi, nikapanda gari kwenda shule ya pili.

Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa makaratasi. Ramani ya TAMISEMI imefuatwa, nondo zimehesabiwa, zege limekaa vizuri. Ukaguzi ulipita salama. Ramani inakwambia ukubwa wa chumba na dirisha lilipo. Jengo litazame wapi inakuachia wewe na kamba yako.

Sisi tuko nyuzi sita hivi kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana liko karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo halina shida na ukuta. Shida yake ni bati. Ukuta unaumizwa na jua la asubuhi na la alasiri, linalokuja limeinama, likaingia dirishani moja kwa moja hadi kwenye daftari la mtoto. Ukilaza jengo mashariki-magharibi, madirisha yanatazama kaskazini na kusini, na jua lililoinama linakutana na kuta fupi za ubavuni ambazo hazina dirisha. Juni, jua linapohamia kaskazini, paa lililotokeza sentimita 60 linashusha kivuli cha kama mita moja ukutani adhuhuri. Desemba jua likiwa kusini kivuli ni kirefu zaidi. Gharama ya haya yote ni kuzungusha kamba kabla ya kuchimba. Baada ya kuchimba, hakuna fedha inayoweza kuyarudisha.

Nilivyojua haya ni hadithi yenyewe. Mwaka 2023 tuliitwa semina ya ujenzi wa kijani, hotelini, mjini. Kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka wenzangu wawili walivaa makoti. Mwezeshaji alitupitisha kwenye viwango vya nje: BREEAM ya Uingereza, LEED ya Marekani, EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, inayotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyake. Akatuonyesha jengo la UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa 2011, paa lote paneli za jua. Akasema Rwanda iliingiza viwango vya chini vya kijani kwenye kanuni zake za ujenzi mwaka 2019. Nikanyoosha mkono, nikauliza cheti cha darasa la milioni 20 kitalipwa kutoka kifungu gani. Watu wakacheka, mwezeshaji naye akacheka, tukaenda kunywa chai.

Nilirudi nimekasirika kidogo. Nilihisi tumeonyeshwa nguo ya harusi ya mtu mwingine. Ila usiku mmoja niliingia mtandaoni nikaijaribu ile programu ya EDGE, maana kuitumia ni bure, unalipia cheti. Nikaingiza jengo dogo, bila matumaini. Miongoni mwa vitu ilivyoniuliza: madirisha ni sehemu gani ya ukuta, rangi ya paa, vivuli vya nje, hewa inapita vipi. Nikabaki naitazama skrini. Haya si mambo ya Gigiri. Haya ndiyo niliyoyaamua kwa dakika arobaini, nimesimama juani, nikiwa na haraka.

Nilipomsimulia mzee mmoja mjumbe wa kamati yetu ya ujenzi, hakushangaa hata kidogo. Alikulia kwenye tembe, ile nyumba ya Wagogo yenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo juu ya miti. "Ukiwa ndani ya tembe," akaniambia, "unajua ni mchana kwa sababu mbuzi wametoka tu. Nyie mmetuletea bati, mkatuambia ni maendeleo. Sasa mnakwenda hotelini kujifunza kivuli?"

Sikuwa na jibu.

Mwaka 2024 shule ileile ilipata fedha za madarasa mengine mawili na ofisi. Safari hii niliomba kukutana na kamati wiki mbili kabla ya kuseti. Nikajiandaa kuzungumzia majengo ya kijani. Mkuu mpya wa shule akanivuta pembeni kabla kikao hakijaanza: "Injinia, hilo neno kijani liache ndani ya gari. Huu mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na kijani ni rangi ya CCM, watasema unapiga kampeni." Alikuwa sahihi. Nikaamkia "mbukwenyi", nikaanza na michirizi ya sakafuni. Niliwapeleka wote darasani saa nane na nusu, wakasimama dirishani dakika tano. Hotuba sikuihitaji tena.

Ubishi ulibaki kwenye barabara. Jengo likilazwa mashariki-magharibi, mgeni anaona ubavu tu, ukuta mtupu. Mtendaji wa kijiji hakuipenda hata kidogo. Tukazunguka nalo karibu saa nzima, mpaka mama mmoja wa kamati ya mapokezi ya vifaa akasema huo ubavu si uandikwe jina la shule kwa herufi kubwa, mgeni asome kutoka barabarani? Ikapita. Jina limeandikwa, na kusema kweli linapendeza kuliko veranda.

Siku ya kuseti sikutumia simu. Tulisimika fito saa tatu asubuhi, tukaweka jiwe ncha ya kivuli chake ilipofika, tukarudia alasiri kivuli kilipokuwa na urefu uleule. Kamba kati ya mawe mawili ndiyo mashariki-magharibi yako. Fundi mkuu, ambaye amejenga miaka ishirini, aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha hilo. Hata mimi shuleni nilisoma, lakini kwenye somo la jiografia, nikaliacha hukohuko.

Sasa tofali. Hapa ndipo nilipopata shida, na nitakaa hapa kidogo.

Kwetu darasa la serikali ni tofali za saruji au za kuchoma. Za kuchoma ni rahisi kupatikana: kijiji kinachimba udongo, kinapanga tanuri, kinakata miti. Wakati huohuo agizo la Serikali lilikuwa limeshatoka kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mkuu wa shule alikuwa anahangaika na majiko ya gesi. Nikamwuliza: uji umeukataza kuni, je, ukuta? Ukipita njia ya nyuma kwenda mtoni unaliona tanuri la zamani, na visiki kulizunguka pande zote. Aliangalia huko, akasema nimletee tofali lingine.

Kata jirani kulikuwa na kikundi cha vijana waliopata mashine ya mkono kupitia mkopo unaotokana na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Inagandamiza tofali za kufungamana, za aina inayofundishwa na NHBRA, wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi: urefu milimita 300, upana 150, kimo 100, zina ulimi na tundu, zinashikana zenyewe. Udongo, saruji kidogo, mgandamizo, hakuna tanuri. Kwa kuwa zinafungamana, hulazi udongo wa saruji kila kozi, na plasta unaweza kuiacha. Saruji ndiyo kifaa kinachotoa hewa ukaa nyingi kuliko vingine kwenye jengo kama letu, kwa sababu mawe ya chokaa yakichomwa kiwandani yanaitoa yenyewe, mbali na ile ya moto wa tanuri. Kila mfuko usioutumia ni faida mara mbili.

Tofali 400 za kwanza zilikuwa aibu. Vijana walichimba karibu ili kuokoa usafiri, na karibu palikuwa mbugani, udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi. Siku ya kupokea, yule mama wa kamati ya mapokezi aliinua tofali moja mpaka kifuani, akaliachia. Vipande vitatu. Akainua la pili. Likawa unga upande mmoja. Hakusema neno, akafunga daftari la mapokezi na kukaa juu yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kupima udongo kwanza, na kipimo chenyewe hakihitaji maabara: kisanduku cha mbao chenye urefu wa senti 60, upana na kina senti nne. Unakijaza udongo uliolowa, unauanika siku tano juani, halafu unasukuma vipande vyote upande mmoja na kupima pengo. Ukisinyaa chini ya senti moja na nusu, saruji kidogo inatosha. Pengo likifika senti nne au tano, ongeza saruji au changanya mchanga. Ule wa mbugani sikuupima kwa rula. Pengo lilipitisha vidole vinne. Tulihamia kwenye udongo mwekundu wa kilimani, tukachekecha, pengo likawa dogo, na tofali la kifuani likaanza kutua chini zima.

Halafu maji. Tofali likitoka mashineni lazima lifunikwe nailoni na kumwagiliwa siku saba angalau, la sivyo saruji inakauka kabla haijashika. Hii ni Dodoma, na ilikuwa Septemba. Maji yaliletwa na punda, madumu manne kwa safari, na katika BOQ yangu, yaani orodha ya kazi, vifaa na gharama, hapakuwa na mstari hata mmoja wa maji ya kumwagilia tofali. Nilikuwa nimenakili mistari ya jengo la saruji nikabadilisha jina la tofali tu. Tulichota kwenye fungu la dharura.

Ndipo mkaguzi alipokuja. Hoja ya kwanza: tofali za udongo kwenye jengo la serikali, nani kaidhinisha? Hiyo nilikuwa nayo tayari. Barua ya mkurugenzi, muhtasari wa kikao cha kamati, majibu ya kupima nguvu za tofali. Ilifungwa siku hiyohiyo. Hoja ya pili: ununuzi. Vijana tulikuwa tumewasajili kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kama kikundi maalumu, na sheria inataka taasisi itenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi hayo, kwa hiyo hapo hata tulipongezwa. Hoja ya tatu ilikuwa ya punda. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa hayo maji iko wapi? Nikamweleza kwamba mwenye punda hana mashine ya EFD. Akaniandikia kwamba malipo hayana viambatisho. Ile hoja ya punda ilinifuata miezi mitano, na ninaamini imenifundisha kuliko semina yote: ukitaka serikali ijenge tofauti, anza na daftari la malipo. Siku hizi mstari wa maji ya kumwagilia upo kwenye kila BOQ ninayoandika, na maji yanatoka kwa msambazaji aliyesajiliwa, anayewalipa wenye punda mwenyewe.

Kwenye paa mambo yalikwenda haraka. Walitaka bati la rangi ya damu ya mzee, kama la shule ya jirani. Duka letu linauza bati la rangi ya krimu bei ileile. Niliacha vipande viwili juani wakati wa chakula nikawaomba waviguse. Krimu. Juu ya lenta, pande zote mbili, fundi aliweka tofali za matundu ili joto linalopanda litoke. Dari nililipigania, kwa sababu najua fedha zikipungua dari ndilo la kwanza kukatwa. Safari hii tuliondoa plasta ya nje, ambayo tofali zile hazikuihitaji, likabaki.

Maji ya mvua ni hesabu ya darasa la tano: milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni kama mita za mraba 150. Mvua ya milimita 500 kwa msimu, ambayo kwetu ni mwaka wa kawaida au chini kidogo, ni lita 75,000, ukitoa zinazopotea bado ni nyingi. Tangi tulilomudu ni la lita 10,000. Linajaa Desemba, na zilizobaki zinamwagika tukizitazama. Tangi la pili limeandikwa kwenye bajeti mwaka wa pili mfululizo.

Paneli za jua sikuweka, na kuna afisa mmoja aliyeniambia bila paneli hilo si jengo la kijani. Shule ina umeme wa TANESCO, na darasa la mchana lenye madirisha pande mbili haliwashi taa. Nimesimamia zahanati iliyofungwa paneli na mfadhili. Betri zilikufa, fungu la kununua nyingine halikuwepo, paneli zipo juu zinakusanya vumbi. Siku halmashauri itakapokuwa na mstari wa betri kwenye bajeti ya matengenezo, nitakuwa wa kwanza kupanda ngazi.

Kuna jengo moja la ofisi ya umma mjini ambalo nalipita kila Jumatatu. Uso wake wote ni kioo cha bluu, unatazama magharibi. Ndani wamefunga mapazia mazito, ambayo hayasaidii, kwa sababu joto limeshavuka kioo kabla ya kukutana na pazia. Nje zimening'inia mashine za viyoyozi, zinadondosha maji kwenye vichwa vya wapita njia. Sijui waliliseti kwa dakika ngapi.

Mwezi uliopita nilirudi pale shuleni kukagua mifereji ya bati. Madarasa mapya yalikuwa na kidato cha tatu, wamekaa kila mtu mahali pake, dirisha wazi. Lile la 2021 bado linatumika, litatumika miaka hamsini, hiyo ndiyo shida ya majengo. Upande wake wa magharibi tulipanda miarobaini mitano mwaka juzi. Mitatu ililiwa na mbuzi. Miwili imenishinda urefu kidogo, bado haijafika kizingiti cha juu cha dirisha. Nilikaa chini ya mmoja, kivuli kikinitosha kichwa na bega moja, nikawa naandika vipimo vya mifereji. Saa nane na dakika kumi, ndani, mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri. Kisha nikasikia vyuma vikiburuzwa kwenye saruji, safu ya kwanza, halafu ya pili.